Neno nililoandika kwenye wasifu wa ba'mdogo

Februari 2021 nilikaa chini ya mwembe nyumbani kwa ba'mdogo, Dar, nimeshika kaunta buku na peni ya bluu, nimeambiwa wewe ndo unajua kuandika andika, kaa hapo utuandalie wasifu wa marehemu usomwe kabla hatujasafirisha kwenda Same. Si mnajua wasifu wetu unavyokuwa, alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alibarikiwa watoto wangapi, halafu inakuja ile aya ambayo kila mtu msibani anaisubiri hata kama hasemi, aya ya kuugua. Marehemu alianza kusumbuliwa na nini. Nikaandika kama nilivyojua, maana nilikuwepo, mimi na binamu yangu ndo tulizunguka usiku kutafuta mtungi wa oksijeni tunaambiwa hapa umeisha jaribuni kule, tunafika kule nako tunaambiwa jaribuni mbele. Nikaandika "alipata ugonjwa wa korona".

Ba'mkubwa akaja akasimama nyuma yangu akasoma. Hakupandisha sauti. Akanyoosha mkono nikampa peni, akalikata lile neno kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika kwa ule mwandiko wake wa kiualimu unaolalia upande, changamoto ya upumuaji. Akanirudishia peni akasema, "Mwanangu, tunataka kumfikisha baba yako nyumbani."

Basi, ikasomwa hivyo hivyo.

Kwa waliosahau hali ilivyokuwa, takwimu za nchi yetu zilisimama pale pale toka mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, Juni tukatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha kwa neema ya Mungu, na watu wengi tukaendelea na maisha. Sasa mwishoni mwa mwaka na kuingia 2021 misiba ikaanza kufuatana, leo jirani, kesho mwalimu wako wa zamani, kesho kutwa baba wa rafiki yako, na hakuna neno la kuisemea. Januari hiyo maaskofu Wakatoliki, kupitia baraza lao la TEC, walitoa waraka kuwaambia waumini wajihadhari na wimbi jipya, lakini mitaani na kwenye magrupu ya WhatsApp lugha ilikuwa ni nimonia kali, kifua kilimbana, presha ilishuka ghafla, na hiyo changamoto ya upumuaji ambayo ilienea mpaka ukiisikia tu unajua. Ndo maana chama cha ACT-Wazalendo kilipotoka hadharani kusema Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais kule Zanzibar, amekutwa na korona, mimi nilikaa kimya muda mrefu nimeshika simu. Sikuwa mtu wa chama chao, kilichonigusa ni kulisikia neno lenyewe likitamkwa na watu wazima hadharani. Alifariki tarehe 17 mwezi ule ule wa Februari.

Ba'mkubwa hakuwa muongo na nataka hilo lieleweke. Alikuwa anaogopa kwamba neno likisomwa safari itazuiwa, ndugu yake atazikwa Dar haraka haraka na watu asiowajua wamevaa mavazi meupe, na ma'mdogo atakaa na ujane wake huku genge lake limesusiwa na mtaa mzima. Lile neno lilikuwa shuka alilomfunika nalo mdogo wake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa naangalia chini ya turubai, watu kama mia mbili, kila anayefika anamkumbatia ma'mdogo anamlilia begani, bakuli la kunawa moja, hakuna aliyevaa barakoa isipokuwa kijana mmoja wa kanisani, na aliambiwa aivue asije akawatia watu hofu. Wale watu walikuwa wamesomewa changamoto, na changamoto haiambukizi. Wiki mbili baadae wazee wawili waliokaa viti vya mbele walilazwa na mmoja wao hakurudi.

Toka siku ile siwezi kusikia maneno ya namna hiyo yakapita hivi hivi. Shuleni tulifundishwa yanaitwa tafsida, wengine wanaandika tasfida, maneno ya kupunguza ukali, ukajibu swali la mtihani ukapata maksi mbili yakaisha. Kumbe ukiyakusanya unapata picha ya watu wenyewe, wanaogopa nini, wanamheshimu nani, na nani wakiumia hatuambiwi.

Mimi nimelelewa nayo. Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani na kwake ulimi ulikuwa kitu cha kufunzwa kama unavyofunzwa kufagia. Kuku anakufa, mtu anafariki, ukikosea hapo unarudishwa uanze sentensi upya. Fariki ni kufarakana, kuachana, yani tumeachana naye tu. Au ametangulia mbele ya haki, na ukilitafakari hilo neno unaona limetuweka wote kwenye foleni moja, yeye kaenda mbele sisi tuko nyuma yake tunakuja, hakuna wa kumcheka mwenzie. Na kuzika bibi hakusema kuzika, alisema "twende tukamsitiri". Mimi mtoto nilidhani kusitiri ni kazi ya kanga, maana kila siku naambiwa jisitiri, kumbe na udongo nao unasitiri.

Usiku kulikuwa na maneno yake mengine. Nyoka usiku ni kamba. Chumvi na sindano huendi kununua dukani jua likishazama, na mwenye duka mwenyewe hakuuzii. Kwenda chooni ni kwenda haja, au kujisaidia, au "natoka nje mara moja" hata kama choo kiko ndani. Msichana akianza siku zake amevunja ungo, baada ya hapo kila mwezi anaingia mwezini, na mwanamke mwenye mimba ni mja mzito. Mja ni mja wa Mungu, yani binadamu, kwa hiyo hapo hakuna tumbo wala mimba wala habari ya kilichofanyika, ni mtu wa Mungu aliyebeba uzito. Halafu siku ikifika anajifungua. Napenda sana hili neno. Bibi mwenyewe alizaa saba akabaki na wanne, alijua uzazi ni kamba iliyokaza kiasi gani, kwa hiyo akisikia fulani amejifungua salama alikuwa anakaa chini kwanza ndo anashukuru.

Hizi mimi sina ugomvi nazo hata kidogo. Zinamlinda aliye dhaifu, maiti, mzazi, msichana wa miaka kumi na mbili anayeona haya. Nikimsikia mtu anazikejeli kwamba ni ushamba na tuongee wazi kila kitu naumia.

Na kuna jambo lingine nililiona baadae. Ukitaka kujua watu wanaona aibu wapi angalia pia wasipojificha. Uzee kwetu hauna tafsida kwa sababu hauna aibu, mzee ni cheo, mpaka kijana wa miaka thelathini mwenye gari anaitwa mzee na anafurahi. Unene vile vile, mtu hujaonana nae miaka miwili anakuona stendi anakupigia kelele "umenenepa!" na anakusifia, maana yake unakula, nyumba ina amani, huumwi. Siku hizi mjini naona watu wameanza kusema "ana mwili" kwa sauti ya chini, hasa kwa wadada, na hapo najua kuna kitu kimebadilika, aibu imehamia mahali ambapo haikuwepo.

Ulemavu nao umehama. Angalia maneno ya zamani, kilema, kiziwi, kipofu, kiwete, kibogoyo, yote yako kwenye ki, ngeli ya kiti na kisu na kijiko, vitu. Sentensi inampa mtu wake heshima, tunasema kiziwi amekuja, lakini jina lenyewe limemuweka kabatini na vyombo. Halafu likaja mlemavu, akahamia kwenye ngeli ya watu, ya mtu na mwalimu na mganga. Halafu mtu mwenye ulemavu, na sheria yetu ya mwaka 2010 inaitwa hivyo hivyo, Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Wapo wanaosema ni kuremba tu. Mimi nina rafiki mwenye ualbino, tumekua wote, alikuwa anaitwa zeruzeru njia nzima kutoka shule mpaka nyumbani, na ile miaka ya mauaji kule Kanda ya Ziwa mama yake alimfungia ndani. Yeye aliniambia kitu kimoja tu, kwamba zeruzeru walikuwa wanamwita kama wanaita mzimu, na mzimu ukiuwawa nani atashtakiwa. Kwa hiyo neno "mtu" kuwekwa mbele ya jina lake lina kazi.

Lakini sasa kuna tafsida ambazo ukizifunua chini yake unamkuta aliyetenda, mwenye nguvu, kajifunika shuka la mgonjwa.

Anza na hii ya kucheka. Posa ya binamu yangu wa kike, washenga wamekuja wamevaa vizuri, wanakaribishwa soda, mkubwa wao anasimama anasema "jamani kijana wetu anahangaika, anakula kwa majirani, tumesikia hapa kuna jiko ndo tumekuja kuliomba". Watu wakacheka, vigelegele. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na binamu mwenyewe, tunasikiliza mlangoni, ana digrii yake ya uhasibu na anafunga hesabu za kampuni nzima kila mwezi, akaniangalia akasema taratibu, "jiko". Hakukasirika, alikuwa anampenda yule kaka na mpaka leo wanaishi vizuri. Ila kila mwanaume akioa tunasema amepata jiko, amevuta jiko, na jiko ni kitu unachokiwasha ukiwa na njaa. Neno la heshima la kufichia habari ya ndoa limeishia kutuambia waziwazi kile ambacho mtu asingethubutu kukisema mbele ya baba wa binti.

Kwenye siasa ndo kabisa. Wakumbuka takrima? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikasema jambo linalofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi lisihesabiwe kuwa rushwa, na neno lililobeba huo mzigo likawa takrima. Neno tamu, lina ukarimu ndani yake, linanukia pilau ya sikukuu. Nani atakataa mgeni kukirimiwa? Uchaguzi wa 2000 na wa 2005 ukapita hivyo, kanga, fulana, ubwabwa, bahasha, na ukiuliza unaambiwa wewe hujui mila za Mwafrika. Kilichoniuma mimi ni pale walipochukua neno la bibi. Bibi alikuwa akipata samaki watatu mmoja anautenga kwa mgeni ambaye hajafika bado, ule ndo ukarimu, hakuna aliyekuja kumdai kura. Mashirika yakaenda mahakamani, LHRC, yani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na wenzao, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikasema vile vifungu vinakiuka katiba, vinambagua mgombea maskini na vinatoa mwanya wa rushwa. Vikafutwa. Neno lenyewe likabaki mtaani, ila limeshachafuka, ukimwambia mtu takrima leo anakuangalia mifuko.

Huku chini tunazo zetu ndogo ndogo, hela ya soda, hela ya maji, asante, "jiongeze", "ongea vizuri", na ndugu zetu Wakenya wana chai na kitu kidogo. Zote ni za mezani, kula na kunywa, kama vile yule mtumishi ana kiu tu. Mwaka juzi nilifuatilia karatasi ya kiwanja ofisi fulani, miezi mitano, kila nikienda kaka wa mapokezi anatabasamu ananiambia "dada hujajiongeza tu?" Hakuna siku alitaja pesa. Ningemshtaki kwa lipi, alinishauri nijiongeze. Ndo uzuri wake kwa upande wake.

Kwa hiyo mtu akikaa akatafuta jina kavu kwa kitu kibaya mimi naona amefanya kazi kubwa. Mfano rushwa ya ngono. Tulivyokuwa tunasoma msichana aliyefelishwa kwa sababu amemkataa mwalimu hakuwa na cha kusema, tulisema "ticha anamsumbua", "anamtaka", na kumtaka mtu si kosa. Sheria ya rushwa ya 2007 ikaliweka kuwa kosa la kutumia mamlaka kudai ngono, na maneno mawili yakaunganishwa, rushwa, ngono, yakawa kitu ambacho msichana anaweza kukiandika kwenye barua. Wapo wanaosema halifai kutamkwa mbele za watu. Lisipotamkwa mbele za watu litatamkwa wapi?

Na Ukimwi tulishapita njia hii hii. Wagonjwa wa kwanza kwetu walionekana Kagera mwaka 1983 na watu wa kule waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaingizwa kwa magendo kutoka Uganda, maana wa kwanza kuugua walikuwa wafanyabiashara wa mpakani. Halafu zikaja ngoma, umeme, amekanyaga miwaya, ajali kazini. Mimi nilikuwa mdogo miaka ya tisini lakini wasifu za misiba nazikumbuka, kila mtu aliugua kwa muda mrefu, kifua, homa za mara kwa mara, na pembeni wanasema karogwa. Desemba 1999 Rais Mkapa akautangaza janga la taifa, kwa jina lake. Dada wa mama yangu alifariki kabla ya hapo, na mpaka leo nyumbani ni "ile homa yake".

Kuna hii nyingine ya mitaani ambayo nimeiona kwa macho. Oktoba 2021 kulikuwa na mama lishe pale ninaposhukia daladala, zamani tungemwita mama ntilie, siku hizi mama lishe, na kwa kweli hilo ni jina zuri zaidi maana kulisha watu ni kazi. Nikashuka siku moja asubuhi nikakuta mbao zimelala, sufuria limepondwa, yeye amekaa kwenye tofali. Nikamuuliza vipi mama, akanijibu "tumepangwa". Redioni ndo lilikuwa neno lenyewe, wamachinga wanapangwa upya, wanapangwa vizuri, na yeye alilitumia kama alivyolisikia kwa sababu hakuna aliyempa lingine. Kupanga ni kupanga vyombo, unakitoa hapa unakiweka pale. Kule pa kuwekwa yeye hakuonyeshwa.

Sasa nije nyumbani kwangu maana nisiseme ya serikali tu.

Nina binti anayenisaidia kazi. Zamani wakiitwa boi na yaya, halafu hausigeli, vijana wakaleta beki tatu ambalo silipendi kulisikia, na sisi tunaojiona waungwana tunasema dada. Dada wa kazi, au dada tu. Mgeni akija namtambulisha "huyu ni mdogo wetu, tunaishi naye kama ndugu". Nilikuwa nalisema kwa moyo mweupe kabisa. Mpaka siku moja akaniomba ruhusa aende kwao Singida kwa wiki mbili, nikamjibu "jamani dada, utatuachaje, si unajua sisi ni familia". Akanyamaza, akarudi jikoni. Usiku nikiwa nimelala ndo nikajiuliza ndugu gani huyu anakula baada yetu, mshahara wake naupanga mimi, likizo naipanga mimi, na simu yake inalala saa tatu usiku kwa amri yangu. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka elfu 40 kwa mwezi kwa mfanyakazi anayelala nyumba ya mwajiri, mimi nilikuwa nampa zaidi ya hapo nikijiona mwema, lakini mkataba hakuwa nao. Ndugu haandikiani mkataba na ndugu. Lile neno dada lilikuwa limenisaidia mimi. Ndugu wa kweli angesema naondoka Jumamosi akaondoka.

Tuliandikishana. Karatasi moja ya mkono, siku ya mapumziko, likizo, mshahara na tarehe. Bado namwita dada na yeye ananiita dada, ila sasa ile karatasi ipo kwenye droo na anajua ilipo.

La mwisho ndo zito na nimelizunguka toka mwanzo. Kuna mtoto wa mtaani kwetu, siku za nyuma kidogo, sitasema wapi. Mama yake alikuja kwangu jioni akakaa muda mrefu bila kusema, halafu akasema kuna mtu wa nyumba ya jirani "amemchezea" mtoto. Nikadhani amemtania. Akasema tena, "amemfanyia mchezo mbaya". Ilibidi nimuulize kwa maneno makavu kabisa ndo nikaelewa, na yeye aliposikia lile neno kutoka mdomoni kwangu alianza kulia kama vile mimi ndo nimefanya. Mtoto alikuwa na miaka saba. Alipoulizwa na mama yake alisema tu kwamba anaumia "huku", maana hakuwa na jina la huko. Nyumbani kwao, kama kwetu, kama kwenu pengine, sehemu hizo zinaitwa sehemu za siri. Sasa mtoto aliyefundishwa toka anaoga beseni kwamba hapo ni siri, akija mtu mzima akamwambia hii ni siri yetu, mtoto atajuaje kwamba hii siri na ile ni tofauti?

Wazee wakakaa kikao. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ipo toka 1998, kumbaka mtoto wa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha, kila mtu mle ndani alikuwa anajua au angeweza kujua. Lakini ukisikiliza kikao kile hukusikia kubaka hata mara moja. Ulisikia "lile jambo", "yaliyotokea", "kijana aliteleza", "tusianike nguo zetu za ndani". Na mwisho "tumeyamaliza kifamilia". Kuteleza ni mvua ikinyesha. Nilisimama nikalisema neno lenyewe na nikaambiwa sina adabu, mtoto wa kike msomi anatukana mbele ya wazee. Yule mama alipata nguvu baadae akaenda dawati la jinsia polisi, alikwenda peke yake na mimi nyuma yake, na pale kwenye dawati askari wa kike alimuuliza taratibu, "mama, nataja hili neno, wewe nijibu ndio au hapana". Ndo aliweza.

Naandika hivi mikono inatetemeka. Adabu ya bibi yangu haikuwekwa kwa ajili ya hili. Bibi aliyesema nyoka ni kamba alikuwa wa kwanza kuchukua fimbo na taa nyoka akiingia kweli, na akiwa amemuona hasemi kamba, anapiga kelele NYOKA mpaka nyumba ya tatu wanatoka.

Mwanangu ana miaka sita sasa. Namuogesha namtajia, mkono, goti, kitovu, uke, mguu, kwa sauti ile ile moja. Mara ya kwanza koo lilinikaba. Ma'mdogo alikuwa anakaa kwangu kipindi hicho, alisikia kutoka sebuleni, akanyamaza siku nzima, jioni akaniuliza kama na mvulana anafundishwa hivyo hivyo, ana mjukuu. Nikamwambia ndio, uume, mwambie hivyo. Akalirudia kwa kunong'ona mara mbili kama mtu anayejifunza njia.

Desemba iliyopita tulipanda Same kujengea kaburi. Tumemaliza kazi, saruji inakauka, tumekaa kwenye majani tunakula makande, ba'mkubwa amezeeka sana, fimbo mkononi. Mtoto wa binamu yangu, wa darasa la nne, akawa anasoma tarehe kwenye msalaba, akauliza, "babu, huyu babu mdogo aliumwa nini?"

Watu wote tukainamia sahani. Ba'mkubwa akafuta mdomo kwa kitambaa.

"Korona," akasema. Akaomba maji ya kunawa.